Kampuni Ikifilisika, Pesa ya Uzeeni Huenda Wapi?



Siku moja baada ya mkutano wa kikundi, mama mmoja alinivuta kando. Alikuwa na bahasha ya kaki, na ndani yake karatasi za mshahara za mumewe, zile tunaita pesilipu, zimefungwa kwa uzi. Mzee huyo alifanya kazi katika kiwanda kimoja mjini kwa miaka kumi na tisa. Kisha kiwanda kikafungwa, naye akarudi nyumbani na barua moja tu. Mama akaniuliza, "Mwalimu, kila mwezi walikuwa wanamkata. Imeandikwa hapa, ona. Sasa hizo pesa ziko wapi?"

Swali hilo nimeliulizwa mara nyingi, na ni swali zuri. Karibu kila kikundi chetu kina mwanachama ambaye mume, mke au mtoto wake ameajiriwa: kwenye shamba la maua, kiwandani, shuleni, hotelini. Wote hukatwa pesa za uzeeni. Wengi hawajui pesa hizo zinalala wapi, mpaka siku ile mlango wa kampuni unafungwa kwa kufuli.

Leo nitalieleza jambo hili kwa mfano wa mbali kidogo, yaani shirika la ndege la United Airlines la Marekani. Nimechagua mfano huu kwa sababu mambo yake yalipelekwa kortini, na hesabu zikawekwa wazi kwa kila mtu kuziona. Pia unatufundisha kwamba hata kampuni kubwa yenye mamia ya ndege yaweza kuahidi kitu ambacho haina. Baadaye tutarudi nyumbani, tuangalie la kufanya.

AHADI NA SANDUKU

Kwanza tuelewane. Pensheni ni nini? Wengine hudhani ni zawadi ya mwajiri kwa mfanyakazi mzuri. Sivyo. Pensheni ni mshahara uliocheleweshwa. Mfanyakazi anamaliza kazi leo, analipwa sehemu leo, na sehemu nyingine inawekwa ili alipwe akizeeka. Jasho limeshatoka. Deni limeshaingia.

Kuna namna mbili kubwa za pensheni.

Ya kwanza ni ya ahadi. Mwajiri anasema, "Ukifanya kazi kwangu miaka thelathini, nitakulipa kiasi hiki kila mwezi mpaka ufe." Kiasi kinajulikana mapema. Mwajiri ndiye anayetakiwa kuweka pesa za kutosha kando ili ahadi itimie.

Ya pili ni ya akiba. Kila mwezi pesa fulani zinawekwa kwa jina lako, na mwajiri anaongeza zake. Ukistaafu unapata kile kilichowekwa pamoja na faida yake. Hakuna aliyekuahidi kiasi. Kama akiba ilikua vizuri, unafurahi. Kama haikukua, ni shauri yako.

Sasa tuchukue ile ya ahadi na tuilete kikundini. Tuseme kikundi chenu kimeahidi kwamba mwanachama akifiwa, atapewa shilingi 20,000. Ahadi hiyo imeandikwa katika katiba, wote wamepiga makofi. Lakini mweka hazina akifungua sanduku, anakuta shilingi 8,400 tu. Je, mna shilingi 20,000? Hapana. Mna ahadi ya 20,000 na sanduku la 8,400. Msiba ukitokea kesho, mfiwa hatazika kwa ahadi.

Mambo ya United yalikuwa karibu sawasawa na hayo.

SHIRIKA KUBWA LAISHIWA NGUVU

United lilikuwa mojawapo ya mashirika makubwa kabisa ya ndege duniani. Lilikuwa na mipango minne ya pensheni za ahadi: ya marubani, ya wahudumu wa ndani ya ndege, ya makanika na wenzao wa viwanjani, na ya watu wa ofisini. Watu zaidi ya 120,000, walio kazini na waliostaafu, waliitegemea mipango hiyo.

Tarehe 11 Septemba 2001 magaidi waliteka ndege nne nchini Marekani. Mbili kati ya hizo zilikuwa za United. Watu wakaogopa kusafiri. Hata kabla ya siku hiyo biashara ilikuwa imeanza kudorora. Tarehe 9 Desemba 2002 United lilikwenda kortini kuomba ulinzi wa sheria ya kufilisika.

Hapa wengi huchanganyikiwa. Huko Marekani kufilisika kuna njia mbili. Njia moja ni kufunga duka kabisa na kuuza mali. Njia nyingine ni kumwambia hakimu, "Nimelemewa na madeni. Nipe nafasi nijipange upya, na wanaonidai wasinivamie." United lilifuata njia hii ya pili. Ndege ziliendelea kuruka na wafanyakazi waliendelea kuja kazini. Lakini mikataba ya zamani ikawa ya kujadiliwa upya mbele ya korti. Mishahara ilipunguzwa mara mbili, mwaka 2003 na mwaka 2005.

Mwezi wa Julai 2004 shirika likaacha kuweka pesa katika mipango ya pensheni. Hapo ndipo watu walipoanza kuhesabu kilicho sandukuni.

Hesabu ilikuwa hivi. Ahadi zote kwa pamoja zilikuwa kama dola bilioni 16.8. Bilioni moja ni milioni elfu moja, kwa hiyo hizo ni pesa nyingi kupita kiasi. Sandukuni kulikuwa na dola bilioni 7 hivi. Pengo likawa dola bilioni 9.8. Tukiliweka kwa lugha yetu: kwa kila shilingi 100 zilizoahidiwa, zilizokuwapo ni shilingi 42 tu. Ndiyo maana katika mfano wa kikundi nilisema 8,400 kati ya 20,000. Ni kipimo kile kile.

PENGO LILITOKA WAPI?

Msifikiri kuna mtu aliingia usiku akaiba. Pengo kama hili huingia polepole, tena mchana.

Pesa za pensheni huwekwa katika hisa na dhamana ili zizae. Miaka ya 1990 hisa za Marekani zilipanda sana. Vitabu vikaonyesha kwamba sanduku limejaa. Sheria ya wakati ule iliruhusu kampuni kutumia ziada ya vitabuni ya miaka ya nyuma badala ya kutoa pesa taslimu. Ni kama mkulima anayeona mahindi yamestawi mwezi wa Mei, akaacha kununua chakula, akahesabu magunia yaliyo bado shambani.

Kuanzia mwaka 2000 hisa zikaporomoka. Riba nazo zikashuka, na riba zikishuka unahitaji kuweka pesa nyingi zaidi leo ili kulipa deni la kesho. Kampuni nayo ikawa haina faida. Basi, wakati sanduku lilipohitaji pesa zaidi, ndipo mwenye kuziweka alipokuwa mkavu kabisa. Na hii ndiyo hatari kubwa ya pensheni ya ahadi: mwajiri na sanduku huugua wakati mmoja.

KORTI YASEMA NENO

Tarehe 10 Mei 2005 hakimu wa mambo ya kufilisika huko Chicago, Eugene Wedoff, alikubali United livue mzigo wa mipango yote minne. Wakati huo hilo lilikuwa pengo kubwa kuliko yote yaliyowahi kuachwa katika historia ya pensheni za makampuni ya Marekani. Mzigo ulihamia kwa Shirika la Dhamana ya Pensheni, ambalo ni la serikali, na kwa kifupi linaitwa PBGC.

Shirika hilo lina historia yake. Mwaka 1963 kampuni ya magari ya Studebaker ilifunga kiwanda chake katika mji wa South Bend. Wazee waliokwisha kustaafu walilipwa. Lakini wafanyakazi zaidi ya 4,000 waliokuwa bado na umri wa kufanya kazi walipata kama senti 15 kwa kila dola waliyokuwa wameahidiwa. Wengine wadogo wao hawakupata kitu. Kilio hicho kiliendelea miaka kumi na zaidi, mpaka mwaka 1974 Rais Gerald Ford akatia sahihi sheria ya kulinda pensheni. Sheria hiyo ndiyo iliyounda PBGC.

PBGC linafanya kazi kama bima. Kila kampuni yenye pensheni ya ahadi inalipa ada kwa kila mtu aliye katika mpango. Mwaka 2005 ada ya kawaida ilikuwa dola 19 kwa mtu mmoja kwa mwaka. Kampuni ikishindwa kabisa, PBGC linachukua sanduku lililobaki na kuendelea kuwalipa wazee. Lakini lina kipimo, halizidishi.

Ndiyo kusema, kati ya pengo la dola bilioni 9.8 za United, PBGC lilibeba kama bilioni 6.6. Zilizobaki, kama bilioni 3.2, hakuna aliyezibeba. Zilikuwa hasara ya wafanyakazi wenyewe.

Na je, PBGC halikulidai United? Lilidai. Lakini katika kufilisika kuna foleni. Wenye kukopesha kwa kushika mali, kama ndege na majengo, husimama mbele. Dai la pensheni husimama nyuma, pamoja na wadai wasio na rehani. Mwishowe PBGC lilikubali kupokea hati za deni na hisa za shirika jipya, zenye thamani ya jumla ya kama dola bilioni 1.5.

NANI ALIUMIA?

Hasara haikugawanywa sawa. Mtu aliyekuwa tayari amestaafu na pensheni ndogo, kwa kawaida aliendelea kupata yote au karibu yote. Walioumia sana ni wale wenye ahadi kubwa na wale waliokuwa karibu kustaafu.

Chukua marubani. Mwaka 2005 kiwango cha juu cha dhamana kilikuwa dola 45,614 kwa mwaka kwa mtu anayeanza kulipwa akiwa na miaka 65. Anayeanza na miaka 60 alikuwa na kiwango cha dola 29,649, kwa sababu atalipwa kwa miaka mingi zaidi. Sasa tazama: sheria ya anga ya Marekani wakati ule ilimlazimisha rubani wa mashirika ya abiria aache kuendesha ndege akifika miaka 60. Umri huo ulipandishwa kuwa 65 mwishoni mwa mwaka 2007. Kwa hiyo sheria moja ilimwambia toka ukiwa na 60, na nyingine ikamwambia umetoka mapema, chukua kidogo. Wapo waliopata zaidi ya kiwango hicho kulingana na wakati waliostaafu, lakini wengi waliona maisha waliyoyapanga kwa miaka thelathini yamekatwa katikati.

Msomaji atasema, "Rubani ni tajiri, ataishi." Inawezekana. Lakini makanika, mhudumu na mbeba mizigo walikuwa katika meli hiyo hiyo. Na ahadi ni ahadi, iwe kwa tajiri au kwa maskini.

Kuna jambo lingine lililowachoma wafanyakazi. Mkuu wa shirika, Glenn Tilton, alipoajiriwa mwaka 2002 kutoka kampuni nyingine, alitengewa dola milioni 4.5 za uzeeni katika mfuko wa peke yake uliowekwa nje ya hatari ya kufilisika. Mfuko huo haukuguswa. Shirika lilieleza kwamba zilikuwa fidia ya alichoacha kule alikotoka. Inawezekana ndivyo. Lakini mnaona tofauti iko wapi. Yeye alipewa sanduku lenye kufuli lake mwenyewe, wengine walipewa ahadi.

KUFUNGA MBUZI WOTE KWA KAMBA MOJA

Wafanyakazi wa United walikuwa na jeraha la pili. Mwaka 1994 marubani, makanika na wafanyakazi wengi wa ofisini walikubali kupunguziwa mshahara na marupurupu, nao wakapewa asilimia 55 ya hisa za shirika. Wahudumu wa ndege walikataa kuingia. Ilionekana ni mpango mzuri sana: wafanyakazi ndio wenye kampuni! Mwaka 1997 hisa moja ilikaribia dola 100. Siku ya kufilisika mwaka 2002 ilikuwa kama dola moja. Shirika lilipotoka kortini tarehe 1 Februari 2006, hisa za zamani zilifutwa kabisa.

Fikiria mtu huyo. Mshahara wake watoka United. Pensheni yake yatoka United. Akiba yake ni hisa za United. Ni kama kufunga mbuzi wote kwa kamba moja kwenye mti mmoja. Fisi akija, hahitaji kutafuta.

Lakini tusiseme kwamba kila shirika la ndege lilifanya hivyo. Northwest lilifilisika mwaka 2005, lakini halikutupa mipango yake. Lilisimamisha nyongeza tu, yaani ulichokwisha kukichuma kinabaki chako, ila hakiongezeki. American Airlines lilipokwenda kortini Novemba 2011 lilitaka kuvunja mipango yake yote. Vyama vya wafanyakazi na PBGC vikapinga kwa nguvu, na mwaka 2012 shirika likakubali kusimamisha nyongeza badala ya kuvunja. Kumbe njia nyingine ilikuwapo! Iliokolewa na watu waliouliza maswali wakati kesi bado mbichi.

KWETU PIA YALITOKEA

Tusidhani mambo haya ni ya Wazungu tu. Wazee wetu wanalikumbuka shirika la East African Airways. Liliundwa mwaka 1946, likahudumia Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Mwanzoni mwa mwaka 1977 lilisimama kwa madeni na ugomvi wa nchi wenyeji, na mwaka huo huo Jumuiya ya Afrika Mashariki yenyewe ikavunjika. Kenya ikaanzisha Kenya Airways.

Ndege ziligawanywa, majengo yakagawanywa. Na pensheni za wafanyakazi wa Jumuiya, wa ndege, wa reli, wa bandari na wa posta? Hizo zilingoja. Mpatanishi kutoka Uswisi, Victor Umbricht, alifanya kazi miaka mingi. Mwaka 1984 nchi tatu zilitia sahihi mapatano Arusha, na kila nchi ikachukua jukumu la pensheni za raia wake. Lakini sahihi ya Arusha haikuwa pesa mkononi. Kule Tanzania wazee wa Jumuiya walikuwa bado wanakwenda kortini na kuandamana Dar es Salaam katika miaka ya 2000, zaidi ya miaka ishirini na tano baada ya kazi zao kwisha. Wengine walikufa wakingoja.

KENYA TUNAFANYA NINI?

Mwaka 1997 Bunge letu lilipitisha Sheria ya Mafao ya Kustaafu, iliyounda mamlaka ya kusimamia mifuko hii, yaani RBA. Jambo kubwa katika sheria hiyo ni kutenganisha sanduku na mwajiri. Mfuko wa pensheni wa kampuni unatakiwa uwe chini ya wadhamini, na wafanyakazi huteua baadhi yao. Meneja wa kuwekeza ni mwingine, na anayetunza mali ni mwingine. Kampuni ikifa, sanduku lisizikwe pamoja nayo. Tena mifuko mingi ya makampuni siku hizi ni ya akiba, siyo ya ahadi.

Kando ya mifuko ya makampuni kuna NSSF, iliyoanzishwa mwaka 1965, ambayo ni ya wafanyakazi wote walioajiriwa.

Hata hivyo kuna tundu moja ambalo panya hupitia. Pesa hazianzi sandukuni. Zinaanza kwa mwajiri anayekata mshahara. Akikata na asifikishe, pesilipu itaonyesha umekatwa, lakini huko zinakotakiwa kufika hakuna kitu. Sheria inakataza, ni kosa. Lakini kosa lisilogunduliwa kwa miaka mitano ni gumu kulirekebisha, hasa kama mkosaji ameshafilisika.

Ndivyo ilivyokuwa kwa yule mzee wa kiwanda. Tulikwenda naye na bahasha yake. Miezi mingi ilionekana kwenye hesabu yake, na hizo alilipwa. Lakini miezi ya mwisho, zaidi ya miaka miwili, haikuwapo. Alikatwa, hazikufikishwa. Aliandika dai kwa mfilisi aliyewekwa kusimamia mali ya kiwanda, akaambatanisha nakala za pesilipu. Mpaka leo anangoja. Akaniambia neno moja ambalo sijalisahau: "Mwalimu, kama ningeuliza kiwanda kikiwa hai, wangeogopa. Sasa nauliza maiti."

MAMBO YA KUFANYA WAKATI KAMPUNI IKO HAI

Waelezeni watu wenu walioajiriwa mambo haya:

1. Tunza pesilipu zote, tangu ya kwanza. Ziweke mahali pasipoingia mchwa wala maji. Bila zile karatasi, yule mzee asingekuwa na la kusema.

2. Angalau mara moja kwa mwaka, uliza hesabu yako NSSF, na uilinganishe na pesilipu mwezi kwa mwezi. Kama miezi miwili au mitatu haionekani, uliza mara moja. Usingoje mwaka uishe.

3. Kama kampuni ina mfuko wake, jua majina ya wadhamini. Dai taarifa yako ya kila mwaka. Ni haki yako. Wakati wa kuteua wawakilishi wa wafanyakazi, msimchague mtu kwa utani. Chagueni anayejua kusoma hesabu na asiyeogopa kuuliza.

4. Uliza mfuko huu ni wa akiba au wa ahadi. Kama ni wa ahadi, uliza swali moja tu: kwa kila shilingi 100 mlizoahidi, sandukuni ziko ngapi?

5. Ukiona mishahara inachelewa, ujue sanduku la uzeeni limeanza kuchelewa mapema zaidi. Nendeni kwa chama cha wafanyakazi, kwa RBA au kwa NSSF, mkiwa pamoja. Mtu mmoja akilalamika huitwa mkorofi. Watu hamsini huitwa wafanyakazi.

6. Usiweke uzee wako wote mikononi mwa mwajiri mmoja. Shamba lililopandwa miti, ng'ombe, akiba katika chama cha ushirika, vyote hivyo ni pensheni pia.

NA SISI WENYEWE JE?

Ni rahisi kuwanyoshea kidole wakubwa wa ndege. Lakini tuangalie vikundi vyetu. Vingapi vina ahadi kubwa katika katiba na sanduku dogo kabatini? Vingapi vimemkopesha mwenyekiti pesa za msiba, kwa sababu "atarudisha tu"? Vingapi vinachanganya pesa za mzunguko, za mbuzi na za maziko katika hesabu moja, hata mweka hazina mwenyewe hajui za nani ni zipi?

Fundisho la United ni hili: ahadi isiyowekewa pesa kando ni deni lililofichwa. Basi pesa za msiba na za wazee ziwe na kitabu chake na akaunti yake, na watia sahihi watatu. Zisikopeshwe. Na kama sanduku ni dogo, punguzeni ahadi leo kwa uwazi, badala ya kuivunja kesho mbele ya mfiwa. Kuahidi 8,000 na kulipa 8,000 ni heshima kuliko kuahidi 20,000 na kutoa pole.

Kanisa limelisema jambo hili kwa muda mrefu. Papa Leo wa Kumi na Tatu aliwatetea wafanyakazi katika barua yake ya mwaka 1891. Papa Yohane Paulo wa Pili, katika barua yake ya mwaka 1981 kuhusu kazi, aliihesabu pensheni ya uzeeni kuwa miongoni mwa haki za mfanyakazi. Aliita haki, hakuita hisani. Na Maandiko Matakatifu hayana maneno laini kwa anayezuia ujira wa kibarua.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

Tuone: Katika kikundi chetu, ni familia ngapi zenye mtu anayekatwa pesa za uzeeni? Wangapi kati yao wanajua pesa hizo ziko wapi? Je, tunamjua mtu ambaye kampuni yake ilifungwa? Alipata nini?

Tupime: Kama hesabu ya kikundi ingefanywa leo, kwa kila shilingi 100 tulizoahidiana, tuna ngapi? Ni nani atakayeumia kwanza kama pengo lipo?

Tutende: Kabla ya mkutano ujao, kila mmoja amkumbushe mtu wake aliyeajiriwa aulize hesabu yake. Mweka hazina naye alete vitabu viwili, cha mzunguko na cha msiba, kila kimoja peke yake, wanachama wote wavione.

Atakayegundua kwamba miezi yake haionekani asikae kimya wala asikate tamaa. Aje ofisi ya maendeleo ya parokia na karatasi zake, tutakaa pamoja tuziangalie.

Mungu abariki kazi ya mikono yenu, na ailinde mpaka uzeeni.